Jiko la Mama Mjane

SALMA: Karibuni. Sauti imenikauka, mnivumilie. Jumamosi nilikuwa Muheza, kikao cha mirathi ya baba mkubwa. Tumekaa barazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Shamba halikutushinda, mafungu yanajulikana. Kilichotukwamisha ni jiko.

JOSEPH: La gesi?

SALMA: La uani, kaka Joseph! Nyumba imemwangukia mtoto wa kiume, mkewe ndiye anayepika pale sasa. Lakini jiko lenyewe alilijenga mama mkubwa. Nani ampishe mwenzake?

JOSEPH: Pole sana. Na umenifungulia mada, dada. Wakulima wa Massachusetts, kule Marekani, miaka ya 1600 na 1700, jambo hilo waliliandika kwenye wosia. Mke wangu akae nusu hii ya nyumba. Apite mlango huu, achote maji kisimani, atumie tanuri kuokea mkate. Mwanangu anayerithi nyumba amletee kuni mpaka mlangoni, zimeshakatwa, na amlishie ng'ombe wake wa maziwa, jua na baridi.

SALMA: Mpaka tanuri?

JOSEPH: Tanuri lilijengwa ndani ya ukuta wa meko, na meko iko katikati ya nyumba. Shamba utalipimia kamba, utalikata. Tanuri utalikataje? Lazima useme nani anaruhusiwa kulifikia.

SALMA: Mama mkubwa angewaelewa watu hao. Na kama hakuna wosia?

JOSEPH: Mjane anapata theluthi ya ardhi, desturi waliyotoka nayo Uingereza. Ila ni ya kutumia maisha yake tu. Akifa, inarudi kwa warithi wa mume.

SALMA: Aa! Sisi Waislamu, watoto wakiwepo mke anapata thumuni, lakini ni mali yake, auze, agawe. Bora thumuni yangu kuliko theluthi ya kuazima.

JOSEPH: Na watoto, sheria ya Massachusetts ya 1641 ilisema baba akifa bila wosia, mwana wa kwanza apate mafungu mawili. Hilo limo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21.

SALMA: Mabinti?

JOSEPH: Mara nyingi ardhi iliwapita. Walipewa vinavyobebeka, tena wengi siku ya kuolewa: ng'ombe, kitanda, shuka, vyombo. Kuna kabati kutoka Hadley, huko huko Massachusetts, la mwanzoni mwa miaka ya 1700, limepakwa rangi na jina la mwenyewe kwa herufi kubwa mbele: Hannah Barnard. Mwanamke akiolewa ubini unabadilika, lakini kabati limebaki na jina lake. Leo liko makumbusho ya Henry Ford, Michigan.

SALMA: Kabati la jikoni?

JOSEPH: La kuwekea shuka!

SALMA: Shuka sawa, lakini ningekuwa mimi ningeliweka jikoni, wote walione jina.

JOSEPH: Leo hatutoki jikoni. Sasa nikwambie kinachoniuma. Pale Andover, mji mwingine wa Massachusetts, kina baba wengi wa mwanzo walishika hati mpaka kufa. Kijana ameoa, ana watoto, analima, ardhi bado ya mzee. Na mzee akifa, wosia unambana tena: kuni hizi, ng'ombe huyu. Mama anageuka mdai wa mwanawe. Mimi naona aibu ilianzia kwenye ile karatasi.

SALMA: Aibu? Ile karatasi ni heshima! Mume anakufa huku anawaza mkewe atapita mlango gani. Baba mkubwa angeandika mstari mmoja tu, jiko ni la mama yenu, Jumamosi mama mkubwa asingelia mbele ya watu.

JOSEPH: Alilia kwa kukosa karatasi, au kwa sababu mwanawe hakusimama akasema, mama, pika?

SALMA: (kimya) Yote mawili.

JOSEPH: Chagua moja.

SALMA: Sichagui. Mwana hakusema, na hakuna aliyeweza kumlazimisha. Kwa hiyo iandikwe.

JOSEPH: Na ikiandikwa, kuni zitaletwa kwa kuogopa mahakama. Mama atazipokea vipi?

SALMA: Atawasha moto, kaka. Atapika, atakula.

JOSEPH: Mimi sikubali.

SALMA: Wala mimi.

JOSEPH: Tumebakiwa na dakika mbili, na nilikuja na mafunzo matatu.

SALMA: Yaache.

JOSEPH: Nayaacha. Lakini hatujagusa Virginia, kusini zaidi huko huko Marekani. Kule, bila wosia, ardhi yote ilikwenda kwa mwana wa kwanza, mpaka ilipotungwa sheria ya 1785. Na mwaka 1705 walipitisha sheria ya kuwahesabu watumwa kama ardhi, warithiwe kama shamba. Bwana akifa, mama na mtoto wangeweza kwenda kwa warithi tofauti.

SALMA: Hilo usiliseme kwa dakika moja.

JOSEPH: Sisemi. Tulitengee kipindi kizima wiki ijayo. Na jiko limeamuliwaje?

SALMA: Halijaamuliwa. Wanapika kwa zamu, mama mkubwa asubuhi. Jumamosi narudi Muheza.