Ukivua Raba, Vua na Eafoni

(Mhadhara kwa wanachama wa klabu za jogging, Dar es Salaam)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti amenivuta pembeni akaniomba, kwa upole kabisa, kwamba leo nisianze tena na habari za eafoni. Nimemkubalia. Naanza na miguu. Eafoni zitajileta zenyewe. (Kicheko.)

Kwanza niwamalize waliokuja na Bikila mfukoni. Kila nikitamka neno peku, lazima mtu asimame: "Mwalimu, mbona Abebe Bikila, yule Mwethiopia, alishinda marathoni ya Roma bila viatu?" Alishinda. Tarehe 10 Septemba 1960, usiku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akapita hata kwenye mawe ya barabara ya kale ya Via Appia, askari wamesimama kando na mienge. Halafu mwaka 1964, Tokyo, akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, amevaa viatu na soksi, huku akiwa ametoka kupasuliwa kidole tumbo wiki chache tu nyuma. Kwa hiyo Bikila si shahidi wa peku, wala si shahidi wa viatu. Bikila ni shahidi wa Bikila. Tumwache apumzike.

Ninachokisema mimi ni kimoja, na wengine mmeshakikariri: anayekimbia peku, sikio lake ni sehemu ya mguu wake. Ukiliziba, umevua raba bure.

Mwenye raba nene anaweza kubamiza kisigino chini mwezi mzima asijue, kwa sababu soli inameza kishindo. Akivua, kosa linasikika kabla halijauma. Nendeni mkawasikilize watu wakikimbia peku kwenye saruji. Anayetanguliza kisigino utamsikia du, du, du, hata ukiwa chumba cha pili. Anayetua kwa sehemu ya mbele ya wayo, pale chini ya vidole, kisigino kikafuata kwa adabu, unasikia pa, pa, nyepesi, na wakati mwingine husikii kitu. Ninapofundisha huwa nawapa mgongo. Wanakimbia nyuma yangu, nami nawasahihisha bila kugeuka: wewe, kushoto unaburuza, wewe, umechoka, nenda ukanywe maji. Wanadhani nina macho kisogoni.

Hapo msomi mmoja ataniambia kwamba mguu mtupu unajifundisha wenyewe, hauhitaji sikio la mtu. Najua hayo yametoka wapi. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake waliandika katika jarida la Nature kuhusu wakimbiaji waliozoea peku, wakiwemo wa Bonde la Ufa kule Kenya, kwamba wengi wao hutua kwa mbele na hawapati ule mshtuko mkali wa kisigino. Utafiti mzuri. Shida ni kwamba watu walisoma kichwa cha habari, wakavua viatu, wakaingia barabarani. Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine, wa Kevin Hatala na wenzake, kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya. Hawa ni watu wasiojua viatu tangu kuzaliwa. Walipoachwa wakimbie kwa mwendo wao wenyewe wa masafa, asilimia 72 walitua kwa kisigino. Walipoongeza kasi, ndipo wengi zaidi wakaanza kutua kwa mbele. Umeona? Kuvua viatu peke yake hakumfundishi mtu kutua. Na ninyi hapa, ambao mmekaa ndani ya raba miaka thelathini, mnataka mguu ujifundishe wenyewe, tena mkiwa mmeunyima na masikio!

Sasa nakuja kwenye mchakamchaka. Mwenyekiti, usitazame saa.

Wenye umri wangu hawahitaji maelezo. Alfajiri, umande, wawili wawili, kiranja anaanzisha na shule nzima inaitikia, "chinja!" inaangukia kwenye mguu. Raba hakuna. Aliyekuwa nazo alizivua, asije akaonekana anajidai. Kukimbia peku na muziki, basi, si jambo lililoletwa na simu. Ila liangalieni lile jambo lilivyokuwa limepangwa, maana sidhani kama aliyelipanga alikaa chini kulifikiria, na bado lilikuwa na akili kuliko programu zote mlizo nazo kwenye simu.

Wimbo ulitoka kinywani. Huwezi kuimba kwa pumzi usiyo nayo. Mwimbishaji akizidisha mwendo, anakosa mstari. Akikosa mstari, wimbo unalegea na kundi zima linalegea naye. Kwa hiyo wimbo ulikuwa unakukataza kukimbia kuliko mapafu yako. Leo daktari atakwambia: kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuongea. Sisi tuliambiwa tuimbe, habari ikaisha. Na mtoto aliyeanza kuzidiwa, mwalimu alimjua bila kumtazama, kwa sababu sauti yake ilitoka kwenye kiitikio.

Halafu kuna jambo ambalo nimelisema mara nyingi na bado naona haliingii. Wimbo wa kupokezana una nafasi ndani yake. Mmoja anaita, mamia wananyamaza. Katika ule unyamavu kulikuwa na nini? Miguu. Miguu mitupu mia tatu ikipiga ardhi kwa pamoja. Hapakuwa na ngoma, ardhi ndiyo iliyopigwa. Aliyepotea hatua alijisikia mwenyewe, na jirani yake akamsikia pia. Yaani muziki uleule uliokupa nguvu ndio uliokuonyesha mguu wako ulivyo. Eafoni inakupa nguvu na kukuficha mguu. Hiyo ndiyo tofauti. Sina ugomvi na muziki, ninaupenda kuliko ninyi, na anayesema nachukia muziki hajawahi kufika nyumbani kwangu Jumapili.

Naona mama mmoja pale anatikisa kichwa. Utasema mchakamchaka ulikuwa na viboko. Ulikuwa navyo. Aliyechelewa alichapwa, na aliyechomwa na mbigili aliambiwa ajikaze. Siwatetei. Wala sitetei maneno ya nyimbo zile: Idi Amin alikimbia Kampala Aprili 1979, lakini watoto wa miaka ya themanini waliendelea kumzika kila alfajiri, wengine hata sura yake hawaijui. (Kicheko.) Chukueni mtindo, andikeni maneno yenu. Imbeni bei ya sukari, imbeni mwenyekiti.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni Haile Gebrselassie, mkimbiaji wa Ethiopia. Mwaka 1998, Birmingham, mbio za ndani za mita 2000, Haile aliomba wapige wimbo wa Scatman John akiwa anakimbia, kwa kuwa mdundo wake uliendana na hatua zake. Akaweka rekodi ya dunia, 4:52.86. Vijana wanapenda kunitupia hiyo kama jiwe. Haya. Muziki ule ulitoka kwenye spika za uwanja, ulikuwa hewani kwa kila mtu, masikio ya Haile yakiwa wazi. Alivaa viatu vyenye njumu. Alikuwa kwenye njia isiyo na kokoto, mwiba wala bodaboda. Na ni yeye aliyeuchagua wimbo kwa ajili ya hatua zake. Hatua hazikupelekwa na wimbo. Nipe hali hizo zote nne nami nitakupigia wimbo mwenyewe.

Maana hapa kwetu hali ikoje? Kijana amevua raba kwa mara ya kwanza, yuko ufukwe wa Coco, ameweka singeli masikioni. Singeli! Naipenda, ni yetu, imezaliwa hapa hapa, Tandale, Manzese. Lakini ina mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kuna kocha wa Marekani, Jack Daniels, na hilo ni jina la mtu, acheni kucheka, aliwahesabu wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, akakuta karibu wote wanapiga hatua 180 au zaidi kwa dakika. Hao ni mabingwa, tena kwenye mashindano. Wewe wa kitambi ukiifukuzia singeli kwa kila pigo, kigimbi kitakaza mpaka ulie. Ukichoka unaanza kukanyaga pigo moja na kuruka moja, hatua inarefuka, kisigino kinatangulia. Du, du, du. Na husikii, kwa sababu bwana DJ anapiga kelele ndani ya kichwa chako.

Hata wimbo ungekuwa na mapigo sahihi, bado. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ambaye kazi yake kwa miaka mingi ni muziki na mazoezi, ameonyesha kwamba kwa mwendo wa wastani muziki hupunguza hisia ya uchovu kwa takriban asilimia 10. Ukikimbia kwa nguvu sana faida hiyo inayeyuka, lakini kwa mwendo wetu ipo. Kwa mwenye raba ni zawadi. Kwa mgeni wa peku ni mtego, kwa sababu mapafu yako yameshazoea kilomita sita na ngozi ya unyayo wako haijazoea hata moja. Wala ile mifupa mirefu myembamba ya wayo, ambayo hupata nyufa ndogo ndogo mtu akibadilisha haraka. Wala kano ya kisigino. Hizo zinatoa taarifa mapema, kwa sauti ndogo: moto kidogo chini ya kidole gumba, kamba inayovuta nyuma. Ndizo sauti muziki unazozifunika kwanza. Unafika nyumbani unafurahi, na kesho asubuhi unashuka kitandani kama umekanyaga makaa.

Nimeonyeshwa vidole vitano. Basi haraka haraka.

Funza: najua mnataka kuuliza. Funza anapenda vumbi kavu, karibu na mifugo na sakafu za udongo. Safura inaingia kupitia ngozi ya mguu kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Na ule mchanga mkavu wa juu ufukweni, mbwa wanapojisaidia, una minyoo yake pia. Kwa hiyo kimbieni maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu uliooshwa na bahari. Epukeni Jumatatu asubuhi, chupa za wikiendi bado zipo. Chanjo ya pepopunda, mjue mara ya mwisho mlichanjwa lini.

Barabara: bodaboda inakuja nyuma yako, taa haina, na wewe huna viatu wala masikio. Sina la kuongeza.

Masikio yenyewe: Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, ikifika 90, ni saa 4 tu. Mnaopandisha sauti ili mshinde upepo wa bahari, pigeni hesabu wenyewe.

Mashindano: kanuni za riadha za kimataifa haziruhusu mwanariadha awe na kifaa cha muziki akishindana. Marekani waliwahi kukataza kwa wakimbiaji wote mwaka 2006, wakalegeza 2008 kwa wasiogombea ubingwa. Nilikuwa na mengi hapo, nayaacha.

Jumamosi tunaanza kwa dakika kumi tu za peku, kupwa, wenye raba mzishike mkononi. Simu zibaki kwenye gari. Nataka kila klabu ije na mwimbishaji wake, na asiwe yule mwenye sauti nzuri. Leteni mwenye pumzi za kawaida, ili mwendo uwafae na walio nyuma. Mtu akishindwa kuitikia mara mbili, kundi linatembea mpaka apate sauti, na hakuna kumcheka. Sheria ya kunicheka mimi ipo palepale.

Mama wa kitenge cha bluu, mkono wako nimeuona muda mrefu. Kisukari? Hapana, mama, wewe usivue raba kabisa, hata kwenye ule mchanga laini. Kisukari kinaweza kuua hisia za unyayo, ukatembea na kipande cha chupa mpaka jioni. Njoo na raba zako, kila ukirudi uzikague ndani kwa mkono, na nyayo uzikague pia. Halafu uje mbele, maana nimekusikia ukiitikia pale mwanzoni. Wewe ndiye utakayetuimbisha.