Kuipima Lenzi ya 18 hadi 200

Assalaam aleikum, na habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie lenzi, nami nimekuja na moja tu, hii hapa: zumu, yaani lenzi inayovuta, ya milimita 18 hadi 200, kwa kamera zenye kihisi cha APS-C, yaani kipokea mwanga kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35. Nimepiga nayo harusi, mashindano ya ngalawa na milango ya Mji Mkongwe isiyo na idadi. Naipenda, na kwa kuwa naipenda nitawaambia ukweli wake wote.

Sifa yake kubwa ni kukuondolea haja ya kubadilisha lenzi. Kwetu pwani hiyo si anasa. Fungua kamera ufukweni wakati wa kaskazi uone mchanga na chumvi vinavyoingia. Tena tukio halikungoji. Ngalawa ikiwa mbali unavuta 200. Ikikaribia na mabaharia wakaanza kuruka, unarudi 18 kabla miguu yao haijagusa mchanga.

Kufika hapa kulichukua muda. Zoomar ya Voigtländer, zumu ya mwanzo kabisa kwa kamera za picha zenye filamu ya milimita 35, ilitoka mwaka 1959 na ilikwenda kutoka 36 hadi 82 tu. Mwaka 1992 Tamron wakatoa ya 28 hadi 200, lakini ilikulazimu usimame mita 2 na zaidi kutoka kwa unayempiga. Hii yangu inafokasi kwa nusu mita.

Sasa mwanga, na hapa naomba tukae kidogo. Tundu la mwanga, apacha, hupimwa kwa namba ya f: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kwenye 18 lenzi hii inafunguka hadi f/3.5. Ukivuta mpaka 200, mwisho wake ni f/5.6. Chukua lenzi ndogo ya 50 isiyovuta, yenye f/1.8, ambayo ni katika zile za bei nafuu kabisa: inapitisha mwanga karibu mara 10 ya ule wa f/5.6. Nenda Forodhani baada ya magharibi. Pale ambapo lenzi ya 50 inakupa shata ya 1/250, yaani inafunguka kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde, hii yangu ikivutwa hadi mwisho inakupa 1/25. Mkono wa mchoma mishikaki utatoka kama moshi.

Muuzaji atakwambia lenzi ina kituliza mtikisiko. Ni kweli, na kinafanya kazi. Lakini kinachotulizwa ni mkono wako wewe. Niliwahi kupiga maulidi ya homu usiku, ile safu ya watu inayoinama na kuinuka pamoja. Mikeka na nguzo zilitoka kali kabisa. Nyuso zote zilifutika. Niliumia sana, maana usiku ule haurudi tena. Tangu siku hiyo, kwenye mkoba wangu lenzi ya 50 haikosekani.

Wengi wenu mtanunua lenzi iliyokwisha tumika, basi nendeni na tochi. Zumu inayorefuka huvuta hewa ndani kila ukiivuta, na hewa yetu ina unyevu. Mulika kutoka upande mmoja, tazama kwa upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache, hata wakupunguzie nusu ya bei. Kuvu ikishakula ngozi ya kioo, fundi anaweza kuisafisha lakini alama itabaki.

Kisha bandika gazeti ukutani, weka kamera juu ya meza, piga kwenye 18, 50, 135 na 200, mara moja apacha ikiwa wazi kabisa na mara moja kwenye f/8. Usihangaike sana na pembe kufifia, zumu ndefu nyingi ziko hivyo. Kinachotakiwa kukutia shaka ni upande mmoja kusomeka na wa pili kufifia: hapo kuna kioo kilichokaa upande, pengine lenzi iliwahi kuanguka. Ielekeze chini pia, uone kama inateleza yenyewe.

Milango yetu nayo ni kipimo kizuri. Kwenye 18 miimo inatuna kama pipa. Ukivuta kuelekea 50, mara nyingi inabonyea kwa ndani. Programu za kompyuta hunyoosha, ila zinakata kingo, basi acha nafasi unapopiga.

Kuna ndugu kaniuliza mlangoni kama anunue hii au ya 18 hadi 55. Ndugu yangu, fungua picha zako za mwaka huu. Kila picha ya dijitali inahifadhi milimita ulizotumia. Kama nyingi ziko chini ya 55, na nyingi ulipiga usiku, fedha hiyo iweke kwenye lenzi ya 50. Kama unafuata ngalawa na ndege wa mikokoni, chukua hii.

Haya, leteni lenzi zenu hapa mezani. Tuanze na ya huyu binti wa mbele. Nani ana tochi?