Ndoano Isiyo na Macho: Chembe za Nano Dhidi ya Saratani

Ndugu zangu, ng'oeni unywele mmoja muutazame. Upana wake ni kama nanometa 80,000; nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe ninazozizungumzia leo ni za nanometa 100 au chini ya hapo. Ukizipanga 800 bega kwa bega ndipo zinauvuka unywele huo.

Lakini udogo peke yake hauponyi mtu. Ukiingiza chembe tupu kwenye damu, protini zinaing'ang'ania papo hapo. Ikifika kwenye ini au wengu, seli walinzi zinaiona imechafuka, zinaimeza. Mwili haujakosea hapo, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo wanakemia huivisha chembe. Vazi la kwanza ni nyuzi za polietilini glaikoli, ambazo hushika maji na kuzizuia protini zisigande kwa urahisi. Juu ya vazi hilo unaweza kutia ndoano ya kushikia seli za saratani: kingamwili, yaani protini inayonasa alama fulani tu, au hata asidi ya foliki, kwa kuwa seli za saratani nyingi za ovari zimejaa vipokezi, yaani vishikio vya juu ya seli, vya vitamini hiyo. Ndani unaweka mzigo.

Mzigo maarufu ni doksorubisini, dawa nyekundu kama sharubati, kali kwa uvimbe na kali vilevile kwa moyo. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha ile iliyofungwa ndani ya liposomu, yaani kifuko cha mafuta chenye vazi nililolitaja. Madhara ya moyo yakapungua. Badala yake viganja na nyayo za baadhi ya wagonjwa zikaanza kuwa nyekundu, kuuma na kuchunika ngozi. Sumu haikutoweka, ilihama. Na tusisahau: kifuko hicho hakina ndoano yoyote.

Kwenye picha, mambo yanapendeza zaidi. Chembe za oksidi ya chuma zikidungwa mshipani kabla ya kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, zinamezwa na wale walinzi wa ini, na ini zima linaonekana jeusi. Uvimbe uliosambaa humo kwa kawaida hauna walinzi, kwa hiyo unabaki mweupe katikati ya giza. Ile ile tabia ya ini inayotuharibia dawa, hapa ndiyo inayomwonyesha daktari pa kutazama! Mimi napenda sana ujanja wa namna hii.

Sasa tuje kwenye hesabu chungu. Mwaka 1986 watafiti wa Japani, Matsumura na Maeda, walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, na vitu vikubwa hupenya humo vikabaki. Matumaini yalipanda juu. Mwaka 2016 kundi la Chuo Kikuu cha Toronto likakusanya majaribio ya miaka kumi, mengi yakiwa ya panya, na kukuta kwamba, ukiyapanga matokeo kwa ukubwa na kuchukua la katikati, asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Na uvimbe wa panya hukua haraka na kuvuja sana. Wa binadamu hutofautiana mno.

Wengine wameamua kuikwepa safari. Ulaya iliruhusu mwaka 2010 tiba ya uvimbe wa ubongo ambamo chembe za chuma hudungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe, kisha sumaku inayogeuka-geuka huzitikisa mpaka zipate joto na kuzidhoofisha seli.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, mama. Swali zuri: ndoano si ingezielekeza? Hapana. Ndoano haina macho, na haiiti mtu. Chembe inasukumwa na damu kama jani mtoni, na mpaka iguse seli yenyewe ndoano haina la kufanya. Ikigusa, inashika, na seli huivuta ndani. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu dawa nyingi hufanya kazi ndani ya seli. Lakini linakuja baada ya kufika.