Kufunga vipuri vya kuongeza nguvu na kutyuni Subaru Impreza WRX STI kwa hewa ya Arusha

Karibuni, watazamaji. Gari mnaloliona limeegeshwa hapa gerejini, Unga Limited, jijini Arusha, ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2005 iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, yenye injini ya EJ207 ya lita 2.0 na turbo, ambayo kiwandani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280. Leo tutalifungia plagi, bomba jipya la ekzosi, pampu ya mafuta na vali ya kudhibiti busti, yaani shinikizo la hewa ambayo turbo husukuma ndani ya injini, kisha tutaandika upya programu ya kompyuta ya injini. Zingatieni tangu mwanzo kwamba vipuri ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kinachosumbua ni hewa, kwa sababu tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali programu nyingi zinazouzwa mitandaoni zimeandikiwa magari yanayokimbia karibu na pwani.

Kabla ya kufungua nati yoyote ya ekzosi, tunapima afya ya injini. Injini ikiwa na joto la kazi, toeni plagi zote, chomoeni umeme wa koili na wa pampu ya mafuta, kanyageni mafuta hadi mwisho, kisha mwenzenu apige starta huku mkisoma geji ya kompresheni kwenye kila silinda. Msishtuke geji ikionyesha namba ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa kuwa hewa ya Arusha ina shinikizo la kilopaskali 86 hivi badala ya 101 za pwani, na injini haiwezi kukandamiza hewa ambayo haikuipata. Angalieni tofauti baina ya silinda. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, simameni hapo hapo, na fedha iliyotengwa kwa ajili ya bomba itumike kuifungua injini kwanza. Hakuna mteja anayependa kusikia hivyo, lakini turbo haimhurumii mtu aliyefunga busti juu ya ringi zilizokwisha.

Pimeni pia uvujaji wa hewa. Zibeni mdomo wa bomba linaloingia kwenye turbo, ingizeni hewa ya kompresa taratibu, na mpake maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha mipira hadi intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo. Povu likitokea, kazeni klampu au badilisheni mpira. Kama historia ya mkanda wa taimingi haijulikani, ubadilishwe sasa.

Kwa kuwa plagi zimekwisha kutolewa, tunaanza nazo. Injini hii imelala, silinda mbili kila upande, kwa hiyo kuzifikia kunahitaji kuondoa betri na tangi la maji ya kioo upande mmoja, na boksi la filta upande wa pili. Tumieni plagi zenye ubaridi wa daraja moja zaidi ya zile za kiwandani, mkiacha nafasi ya milimita 0.7, kwa maana busti ikipanda cheche huzimwa kwa urahisi kwenye nafasi pana. Anzeni kuzifunga kwa mkono, zikiwa kwenye soketi na ekstensheni bila rachi, ili uzi wa alumini usiharibike, kisha mmalizie kwa spana ya kupimia nguvu, nyutoni-mita 21.

Sasa tunaingia kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo, ambalo mafundi huliita daunipaipu. Jioni iliyotangulia, pulizieni nati zake mafuta ya kulegeza kutu, na asubuhi mrudie. Stadi ikikatika ndani ya nyumba ya turbo, kazi ya saa mbili itakuwa ya siku mbili. Ondoeni intakula, ondoeni bamba la kukinga joto, chomoeni sensa ya oksijeni, kisha fungueni nati za juu mkiwa mmesimama na za chini mkiwa mvunguni, gari likiwa juu ya stendi imara wala si juu ya jeki peke yake. Fungeni gasketi mpya; ya zamani haifai hata kama inaonekana nzima. Wateja wengi huomba masega, yaani kichujio cha kusafisha moshi kilicho ndani ya bomba, yaondolewe kabisa. Mimi hupendekeza bomba lenye masega mapana yanayopitisha moshi kwa urahisi, kwa sababu nguvu inayopotea ni ndogo, na harufu ya petroli mbichi ndani ya gari kwenye foleni ya Kijenge si jambo la kujisifia.

Pampu ya mafuta iko chini ya kiti cha nyuma. Chomoeni soketi yake, washeni injini hadi ijizime yenyewe ili shinikizo lishuke, ondoeni waya hasi wa betri, kisha fungueni kifuniko na kubadilisha pampu kwa ile inayotoa lita 255 kwa saa. Asiwepo mtu wa sigara wala wa kuchomelea karibu. Vali ya busti ni kazi ya dakika 20, ila hakikisheni mipira yake haijabadilishana nafasi, kwani ikigeuzwa turbo itapanda bila breki.

Kuhusu filta, nitasema neno moja ambalo halitawafurahisha wanaopenda mlio. Bakini na boksi la kiwandani na filta safi ya karatasi. Vumbi letu ni laini kama unga, na filta ya wazi iliyopakwa mafuta hupitisha sehemu yake na kuchafua sensa ya kupimia hewa, nayo sensa hiyo ndiyo jicho ambalo kompyuta hutumia kuamua kiasi cha petroli.

Tukifika kwenye kompyuta, jambo la kwanza ni umeme. Unganisheni betri ya gari na betri nyingine yenye chaji, na kompyuta mpakato iwe imejaa chaji. Msitegemee chaja ya ukutani peke yake, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kuandika programu, kompyuta ya injini huweza kufa kabisa. Unganisheni viunganishi vya kijani vilivyo chini ya dashibodi, ambavyo kwenye Subaru za miaka hii huruhusu uandishi, chomekeni kebo, someni faili la kiwandani, na mlihifadhi mahali pawili kabla ya kubadilisha herufi yoyote.

Fungeni pia sensa pana ya oksijeni kwenye bomba jipya, kwa sababu ile ya kiwandani haisomi kwa usahihi mchanganyiko mzito, yaani wenye petroli nyingi. Katika mwendo wa kawaida petroli huungua kwa uwiano wa 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, lakini mafuta yakikanyagwa hadi mwisho tunataka 11.0 hadi 11.5, ili petroli ya ziada ipooze vyumba vya kuunguzia. Anzeni na busti ndogo, rekodini mbio moja kwenye gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,500, mkiwa juu ya dainomita, yaani mashine ya kupimia nguvu ya gari, au kwenye eneo binafsi lililofungwa. Barabara ya Njiro si maabara, na askari wa tochi hawatasoma grafu zenu. Baada ya kila mbio angalieni uwiano, muda wa kufunguka kwa injekta ambao usizidi asilimia 85, na dalili za injini kugonga, yaani noki. Taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, tunaianza chini kuliko ya kiwandani, kwa sababu gari hili liliandikiwa petroli ya Japani ya oktani 100 na yetu haifikii hapo, kisha tunaipandisha nusu digrii kwa nusu digrii. Kompyuta ikirudisha taimingi nyuma mahali pale pale mara mbili, tunapunguza digrii 2 hapo na kuendelea na mengine.

Hapa ndipo hesabu ya mwinuko inapoingia. Pwani, busti ya kilopaskali 100 juu ya hewa ya 101 hutoa jumla ya 201, yaani turbo imekandamiza hewa mara 2. Kupata 201 hiyo hiyo hapa Arusha, geji itasoma 115, na turbo italazimika kukandamiza mara 2.3, ikizunguka kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto kali zaidi. Kompyuta hii ina sensa ya shinikizo la hewa ya nje na jedwali linalopunguza shabaha ya busti kadiri gari linavyopanda milima. Wapo wanaolifuta ili geji ipendeze. Msilifute.

Kosa la upande wa pili, la gari kushuka badala ya kupanda, nilililipia mwenyewe. Niliwahi kumkabidhi mteja gari lililokuwa likienda vizuri sana hapa mjini, akateremka nalo Tanga, na kabla hajafika Segera alinipigia simu akisema linagonga. Kosa lilikuwa langu. Kwa busti ile ile ya geji, hewa ya chini iliingia nzito kwa karibu asilimia 8, injini ikahamia kwenye safu za jedwali la taimingi ambazo hapa Arusha haikuzigusa hata mara moja, nami nilikuwa nimeziacha na namba za faili la kigeni. Kwa hiyo, baada ya kumaliza safu zilizorekodiwa, nendeni kwenye safu mbili au tatu za mzigo mkubwa zinazofuata, mpunguze taimingi digrii 3 na kuongeza petroli kidogo, hata kama hamtaziona zikitumika leo.

Kisha tunaendesha kwa utulivu kupitia Tengeru na Usa River hadi karibu na uwanja wa ndege wa KIA, ambako mwinuko ni mita 894, huku kompyuta ikirekodi. Mtaona shinikizo la nje likipanda kutoka 86 hadi 91 hivi, na marekebisho ya petroli ambayo kompyuta hufanya yenyewe yanapaswa kubaki ndani ya asilimia 5 juu au chini. Yakizidi, rudini kwenye kipimo cha sensa ya kupimia hewa inayoingia kabla ya kugusa kingine chochote.

Mwisho, andikeni kwenye karatasi ngumu tarehe, mji, aina ya petroli, busti ya juu na jina la faili, mkaibandike chini ya boneti karibu na mnara wa shokabsoba, mahali ambapo fundi wa Tanga au Dar es Salaam ataiona kabla hajachomeka kebo yake.