Usiku Ule Ulilala Wapi?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo? Nimepewa nusu saa, lakini mlima umeshajifunika mawingu, basi nitakata maneno.

Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wetu wa Kilimanjaro na watu 1,640,087, na jirani zetu wa Arusha 1,694,310. Tulikuwa bega kwa bega. Ikaja ya Agosti 23, 2022: sisi 1,861,934, wao 2,356,255. Wametuacha kwa karibu nusu milioni. (Mliooa Arusha msicheke.)

Watu wetu wako wapi? Mnajua wenyewe. Desemba, wakirudi nyumbani, Kibosho na Rombo hakuna pa kuegesha gari. Agosti, nyumba nzuri zina kufuli na bibi yuko peke yake na migomba. Karani wa sensa haulizi kihamba chako, shamba lako la ukoo, kiko wapi wala utazikwa wapi. Anauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwanao aliyelala Mbagala, Dar es Salaam, anahesabiwa Mbagala, na ni haki, maana maji anayokunywa na daladala anayogombania viko huko.

Sasa tuliobaki ndio tusiopaswa kupungua hata mmoja. Lakini mkuu wa kaya anataja wanawe, anamsahau dada wa kazi na kijana anayekata majani ya ng'ombe. Wengine wanamficha mtoto mwenye ulemavu chumba cha nyuma. Maswali ya sensa yanagusa kuona, kusikia, kutembea. Ukimficha, anayepanga madarasa na vyoo vya shule hana habari kwamba yupo. Na bibi yule wa kihambani akitaja umri wake, mpangaji anaona kijiji cha wazee: hapo zinahitajika dawa za presha kuliko madawati.

Kuna mzee aliniambia, "Wakishaniandika, kodi itafuata." Simcheki, kodi ya kichwa aliiona kwa macho yake. Ila Sheria ya Takwimu inakataza taarifa za mtu mmojammoja kutolewa. Zinazotoka ni jumla: kijiji kina watoto wangapi, wazee wangapi.

Naona mkono. Ndiyo, mama, wewe mwenye kilemba. Mgeni aliyelala gesti? Anahesabiwa palepale gesti. Na mumeo akiwa huko usiku ule, mama, usimwandikishe nyumbani.