Sehemu ya 47: Kijicho, Presha na Tako la Kijapani

MWANAIDI: Tumerudi. Leo shemeji kaingia studio kanuna, hata chai hajagusa.

DEO: Sijanuna, shem. Sijalala.

MWANAIDI: Haya, waambie.

DEO: Jumapili tumealikwa Goba, mtu niliyesoma naye kahamia kwake. Huyu mtu kidato cha nne alikuwa ananakili hesabu kwangu! Nafika, sebuleni marumaru unajitazama kama kwenye kioo. Naenda choo cha wageni, bomba linatoa maji ya moto. Choo cha wageni, shem! Nimekaa mle dakika tano nafungua, nafunga.

MWANAIDI: (anacheka) Na ule msingi wako wa Chanika?

DEO: Umeota majani. Kuna mtu kafunga mbuzi pale. Sasa usiku kifua kinabana, kichwa kinagonga. Jumatatu nikapita duka la dawa, binti akanivalisha ile mashine ya presha: 152 kwa 96. Akaniangalia, "Baba, una mawazo?" Nimjibu nini? Bomba?

MWANAIDI: Kwetu Tanga hayo hayaitwi mawazo. Kijicho hicho.

DEO: Nilijua utasema.

MWANAIDI: Kipimo kimoja hakikufanyi mgonjwa, rudi upime tena ukiwa umetulia. Ila pwani tumezoea kumwogopa hasidi, kwamba akimtazama mtoto, mtoto anaugua. Kanga imeandikwa kabisa, "Hasidi hana sababu." Hakuna anayemuuliza hasidi mwenyewe amelalaje. Mwili hauna habari kama umekurupushwa na fisi au na bomba la mwenzio. Adrenalini, homoni ya kukurupuka, inamwagika, mishipa inabana, moyo unakwenda mbio, kotisoli, homoni ya msongo, inafuata. Fisi akishaondoka unapoa. Bomba je? Kila ukishika simu liko kwenye stetasi.

DEO: Kaweka stetasi kumi na nne. Nimehesabu.

MWANAIDI: Halafu kuna hili la Ohio, Marekani, utafiti wa 2005. Walichukua wanandoa 42, wakawatia vijidonda vidogo mkononi, wakawasikiliza wanavyozungumza. Waliokuwa wanarushiana maneno ya chuki, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya wale wanaosemezana kwa upole. Kidonda cha mkono, na ugomvi uko mdomoni.

DEO: Hilo mama Kelvin asilisikie. Kila nikijikata atajua nimemnunia.

MWANAIDI: Na kuna moyo kabisa. Mtu anapata mshtuko, msiba au hasira kali, moyo unalegea ghafla, anapelekwa hospitali wakidhani ni shambulio la moyo. Mishipa ikitazamwa, haijaziba. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi, na wengi hupona baada ya wiki kadhaa. Wajapani ndio walioueleza ugonjwa huu, mwaka 1990. Unaitwa takotsubo.

DEO: Tako nini?

MWANAIDI: Takotsubo.

DEO: Shem, hiki kipindi kinasikilizwa na mama mkwe.

MWANAIDI: (anacheka) Tako kwa Kijapani ni pweza! Tsubo ni mtungi. Mtungi wa kumnasia pweza. Chumba cha kushoto cha moyo kinatanuka chini, juu shingo inabaki nyembamba, picha yake ni mtungi ule ule.

DEO: Kwa hiyo nikienda kwa daktari niseme naumwa tako la moyo.

MWANAIDI: Sema mtungi.

DEO: Kwani pweza anaingiaje mtungini kwa hiari yake? Sisi kule Sengerema tunajua sangara, anavuliwa kwa heshima.

MWANAIDI: Pweza anapenda shimo. Akiona tundu anaingia, anadhani kapata nyumba. Kwetu bamvua likija, maji yakitoka, wanawake wanashuka mwambani na vijiti wanachokoa matundu. Bibi yangu alikuwa anamjua aliko kwa magamba aliyoyatupa mlangoni. Pweza akishika kijiti, unavuta. Halafu unampiga mpaka alainike.

DEO: Kadhani kapata nyumba, kumbe kanaswa. Huyo ni jamaa wa Goba na mkopo wake!

MWANAIDI: Umeona? Unafurahi! Unamwombea mkopo!

DEO: Natania tu. Lakini sikiliza, mimi hili la kijicho nalikataa. Kuna Mwingereza, Michael Marmot, na wenzake waliwafuatilia watumishi wa serikali London, utafiti ulioanza 1967, wanaume zaidi ya 17,000. Wa ngazi ya chini kabisa walikuwa wanakufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wale wa juu. Wote wana kazi, wote wana mshahara. Mtu anauawa na kubanwa, shem. Sasa wewe mtu kabanwa unamwambia ana roho mbaya?

MWANAIDI: Wote wana mshahara, hawana njaa, na bado wa chini anaumia. Anaumizwa na nini kama si kumtazama wa juu?

DEO: Anaumizwa na kukosa kauli. Anapangiwa saa, anapangiwa kazi, hana la kusema.

MWANAIDI: Na wewe bomba lilikupangia saa?

DEO: Bomba lilinikumbusha.

MWANAIDI: Yule jirani yako wa Chanika hana hata msingi, mbona analala?

DEO: Umemuuliza?

MWANAIDI: ...Sijamuuliza.

DEO: Basi.

MWANAIDI: Basi nini? Wewe ndiye uliyekaa chooni dakika tano, si mwajiri wako.

DEO: Tusiende huko.

MWANAIDI: Tumeshafika.

(Kimya.)

DEO: Fundi mitambo anatuonyesha vidole. Vitatu, dakika tatu. Vile vidokezo vitano tulivyowaahidi watu?

MWANAIDI: Ninavyo kwenye karatasi. Cha kwanza, pumua kwa... vidole vimebaki viwili, hata kupumua hatutawahi. Tungevianza kabla ya pweza.

DEO: Wewe ndiye uliyeleta tako.

MWANAIDI: Pweza! Jumamosi ukapime tena presha.

DEO: Jumamosi nipo Goba. Kanialika tena, kuna supu.

MWANAIDI: Supu ya nini?

DEO: Ya tako.

MWANAIDI: Zima, fundi, zima.