Ridhaa ya Mteja na Picha za Kupamba

Ndugu wapiga picha, mabibi na mabwana,

Nimekwisha kulisema jambo hili mbele ya wengi wenu, na ninalisema tena kwa sababu bado linavunjwa kila wikendi hapa Mombasa: mtu anayekubali kupigwa picha hajakubali kutangazwa, na idhini ya bibi harusi haiwafungi wageni wake.

Chukueni usiku wa kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao. Simu hukusanywa mlangoni, wanaume hawaingii, na ndani mabuibui huvuliwa. Mpiga picha, mwanamke mwenzao, ndiye peke yake mwenye kamera ukumbini, na ameingia nayo kwa sababu ameaminiwa. Baadaye anaweka Instagram picha moja ili kuvutia wateja. Bibi harusi ameridhia, tena uso wake hauonekani, kwa kuwa amegeuka kuonyesha mshono wa gauni. Lakini katika kioo kilicho nyuma ya jukwaa yumo shangazi yake, kichwa wazi, ambaye hakuulizwa na mtu, na ambaye picha hiyo itawafikia mashemeji zake kabla yeye mwenyewe hajaiona. Ni nani aliyetoa ruhusa kwa niaba ya shangazi huyo?

Najua nitaambiwa kwamba picha ni mali ya aliyeipiga. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinachukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Na hata ikibaki kwako, haifuti faragha ya aliyemo pichani. Nitaambiwa vilevile kwamba mteja alikubali kwa mdomo. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinamtwika anayetumia data ya mtu, ikiwemo picha yake, jukumu la kuthibitisha ridhaa, na kinampa mhusika haki ya kuiondoa wakati wowote. Ukiulizwa, utaonyesha nini?

Wanaodhani sheria hii ni ya makampuni makubwa tu wakumbuke Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipokitoza kilabu cha Casa Vera cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na Shule ya Roma, Uthiru, shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotolewa bila idhini ya wazazi.

Kwa hiyo mkataba uwe na sehemu mbili, kupiga na kutangaza, kila moja na sahihi yake. Wapo wanaomtoza ziada mteja anayekataa kutangazwa. Hilo ni dhuluma, na ninawaomba mliache leo.

Muda umenibana, hivyo mengine nitayagusa tu: picha za kupamba zihaririwe na wanawake, kompyuta isipelekwe kwa fundi kabla picha hazijaondolewa humo, na siku mteja anapokabidhiwa albamu aulizwe nakala zifutwe lini, tarehe iandikwe papo hapo.